Huduma ya kusaidiwa kufa kwa hiari, Victoria: maoni ya mkwe aliyerudisha sanduku

Huduma hii haina mteja wa kurudi kuandika maoni yake, kwa hiyo naandika mimi. Nilikuwa mtu wa mawasiliano wa baba mkwe wangu. Maana yake ni kwamba jina langu ndilo lililokuwa kwenye fomu kama mtu atakayewajibika kurudisha dawa ya kukatisha uhai ikibaki, na kwa cheo hicho nilikutana na karibu kila mtu wa huduma hii, kuanzia simu ya kwanza hadi saini ya mwisho. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee hapa Australia, maana najua mnavyoulizwa maswali haya saa tisa ya usiku na mzee aliyekosa usingizi. Nawaandikia pia mlioolewa au kuoa huku, ambao siku moja jambo hili linaweza kuwafikia mezani kama lilivyotufikia sisi.

Mzee, yaani baba mkwe wangu, alikuwa dereva wa treni mstaafu, mkazi wa Bendigo. Mwaka 2022 ulimi wake ulianza kuwa mzito hadi muuza magazeti akadhani amelewa asubuhi asubuhi. Vipimo vikaonyesha ugonjwa wa neva za mwendo, ule ambao huku kila mtu anauita MND, na wake ulianzia kooni: maneno yalitangulia kwenda, kumeza kukafuata, miguu ikaja nyuma. Hakuna tiba ya kuuponya. Kuna riluzole, dawa inayoupunguzia kasi kidogo, naye aliitumia huku amekunja uso. Kufikia mwanzo wa 2023 alikuwa anazungumza kwa tableti. Anaandika, mashine inasema, kwa sauti ya kijana ambayo aliichukia kuliko ugonjwa wenyewe.

Victoria ndilo jimbo la kwanza la Australia kuwa na sheria ya aina hii. Ilipitishwa 2017, ikaanza kutumika tarehe 19 Juni 2019. Eneo la Northern Territory liliwahi kuwa na yake kuanzia 1996, lakini bunge la shirikisho likaifuta mwaka uliofuata. Mzee alilikumbuka sakata lile vizuri, na alikuwa na maneno makali kwa wanasiasa waliohusika. Ninayoyaeleza hapa ni ya Victoria na ni ya 2023. Kila jimbo lina sheria yake na sheria hurekebishwa, kwa hiyo msichukue maneno yangu mkayabandika Perth au Brisbane.

Nianze na mlango wa kuingilia, ambao ni mgumu kuuona. Kwa sheria tuliyoikuta, daktari au muuguzi hakuruhusiwa kulianzisha jambo hili kwa mgonjwa. Ni lazima mgonjwa atamke mwenyewe, na atamke waziwazi. Kusema "nimechoka" hakutoshi. Akishauliza, hapo ndipo anaweza kujibiwa. Sasa fikiria mtu asiyeweza kutamka. Mzee aliandika sentensi yake nyumbani, akaihifadhi, akaenda nayo kwa daktari wake wa familia na kubonyeza kitufe. Ile sauti ya kijana ikasema kwa ukunjufu kabisa kwamba anaomba kusaidiwa kufa. Daktari akavuta kiti karibu. Baadaye alimwambia mume wangu kwamba alikuwa akiliona swali hilo usoni mwa Mzee kwa wiki kadhaa, na sheria ilimfunga mdomo. Nyinyi mlio wauguzi mnanielewa. Kwa nia ya kuwalinda wanyonge wasishawishiwe, mtu asiyejua kwamba huduma ipo anaweza kufa bila kujua.

Daktari huyo hakuwa amepitia mafunzo maalumu yanayotakiwa, kwa hiyo akatuelekeza kwa waelekezi wa huduma, ambao makao yao makuu yako Peter MacCallum, hospitali ya saratani ya Melbourne, na wapo pia mikoani. Hawa nawapa nyota tano na ningeongeza kama zingekuwepo. Yule aliyetushughulikia alikuwa mtu wa kusema kidogo na kutenda sana. Alitafuta madaktari, akapanga tarehe, akatueleza kwamba kuna fedha kidogo za kuwasaidia wagonjwa wa mbali kwa gharama kama usafiri, jambo ambalo sisi tusingelijua. Hakuwahi hata mara moja kumsukuma mbele au kumvuta nyuma. Mama mkwe, ambaye hakosi misa ya Jumapili na alikuwa amejiandaa kumchukia, aliishia kumwuliza habari za watoto wake.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kilitugonganisha vichwa nyumbani, nacho ndicho naona ni ubora mkubwa wa huduma hii. Haiulizi familia. Inamuuliza mgonjwa, kisha inamuuliza tena, kisha inatuma mtu mwingine kumuuliza upya kana kwamba hajawahi kuulizwa. Kuna ombi la kwanza. Kuna tathmini ya daktari mratibu, halafu ya daktari wa pili anayejitegemea. Kuna tamko la maandishi mbele ya mashahidi wawili. Kuna ombi la mwisho, ambalo kwa kawaida haliwezi kutolewa kabla ya siku 9 kupita tangu lile la kwanza. Na katika kila hatua anaambiwa kwamba anaweza kuacha, bila kumweleza mtu sababu.

Mimi nimelelewa kwenye ukoo ambao mgonjwa akizidiwa, wakubwa huketi kikao, na mara nyingi mgonjwa ndiye wa mwisho kujua anaumwa nini. Kwa hiyo daktari mratibu alipofika sebuleni na kutuomba sote tutoke, hata mama mkwe aliyekuwa ameshika birika la chai, niliona ni utovu wa adabu. Mume wangu alisimama koridoni akipumua kwa nguvu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, alisema, na anatolewa nje ya nyumba aliyokulia kama mpita njia. Walikaa mle ndani zaidi ya saa nzima. Tulipoingia, Mzee alituonyesha mazungumzo yote, kwa sababu tableti huhifadhi alichoandika. Kwenye swali la kama kuna mtu yeyote anayemshinikiza alikuwa ameandika: "Mke wangu. Ananishinikiza ninywe supu." Mama mkwe alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, sijui kilianza kipi.

Baada ya hapo mume wangu hakulalamika tena kuhusu kutolewa nje. Shemeji yangu, mdogo wake, aliendelea kupinga hadi mwisho. Huduma haikumlazimisha akubali wala haikuhesabu kura yake, na sidhani kama ingefaa ifanye vinginevyo.

Yaliyofuata ni upande wa madaktari, nao nawapa nyota tatu. Nyota mbili nimezitoa kwa sababu ya sheria, siyo kwa sababu yao. Mmoja wa madaktari wawili alitakiwa awe na utaalamu na uzoefu wa ugonjwa husika, na madaktari bingwa wa neva waliopitia mafunzo haya hawakuwa wengi. Wa karibu alikuwa Melbourne, kilomita kama 150 kutoka Bendigo. Kwa nini wasizungumze kwa video, kama alivyokuwa akifanya na madaktari wengine tangu wakati wa korona? Kwa sababu sheria ya jinai ya shirikisho inakataza kutumia simu na intaneti kusambaza mambo ya kumsaidia mtu kujiua, na hofu ilikuwa kwamba huduma hii inaingia humo. Mwezi Novemba 2023, Mzee akiwa ameshatutoka, Mahakama ya Shirikisho ikathibitisha hofu hiyo. Tazama basi kejeli yake: mtu ambaye sauti yake pekee imo ndani ya mashine anaambiwa asiitumie mashine kuzungumza na daktari wake, aje ana kwa ana.

Tukampandisha treni. Kwenye nafasi ya viti vya magurudumu alikaa macho dirishani njia nzima, na kila treni ilipofunga breki aliandika maoni yake kuhusu dereva. Maoni hayo hayachapishiki.

Daktari bingwa alikadiria kwamba amebakiza zaidi ya miezi 6 ya kuishi lakini chini ya 12. Kwa magonjwa mengine, sheria inataka makadirio yasizidi miezi 6. Kwa magonjwa ya neva kama huu inaruhusu hadi 12, ila ikiwa mtu yuko katikati hapo, anatafutwa daktari bingwa mwingine wa kuthibitisha. Daktari wa tatu! Tukarudi kwenye kusubiri. Katika kusubiri huko mkono wake wa kulia ulianza kudhoofika, na kila wiki tulikuwa tunajiuliza kama ataweza kushika kalamu siku ya tamko. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa asiyeweza kusaini anaweza kusainiwa na mtu mwingine kwa maelekezo yake mbele yake, na kwamba maombi ya mdomo yanaweza kutolewa hata kwa ishara. Hilo lilitutuliza. Lakini hakuna aliyetueleza kabla ya kuuliza, na familia nyingine isiyopenda kuuliza ingebaki na wasiwasi huo bure.

Mashahidi nao si wa kuokota. Anayejua kwamba atarithi kitu kwenye wosia haruhusiwi, na katika wale wawili ni mmoja tu anayeweza kuwa wa familia. Tulipata jirani wa ng'ambo ya barabara na mzee mwenzake wa klabu ya boli, ule mchezo wa kubiringisha mipira kwenye nyasi, mtu mwenye tai iliyofungwa vibaya, ambaye alisaini, akampigia Mzee saluti ya reli na kuondoka bila kunywa chai.

Doa kubwa liko hospitalini, na hapa sitataja jina. Katikati ya mchakato Mzee alilazwa kwa nimonia kwenye hospitali ya taasisi moja ya dini. Walimtibu vizuri, wauguzi wake walikuwa watu wa huruma, na nimonia ikapona. Lakini daktari mratibu hakuruhusiwa kuja kumwona mle ndani kwa shughuli hii. Naelewa kwamba taasisi ina imani yake, na hakuna daktari anayelazimishwa kushiriki. Hilo nalikubali kwa moyo wote, maana mimi mwenyewe sijui kama ningekubali. Ninachokilalamikia ni kwamba hatukuambiwa siku ya kulazwa. Tuliambiwa daktari akiwa njiani. Kwa hiyo mtu anayehangaika kuvuta pumzi akaambiwa asubiri hadi aruhusiwe kwenda nyumbani. Nyota moja, kwa ajili ya wauguzi. Kama una mgonjwa aliyeanza safari hii, uliza swali hilo mapokezi kabla ya kuvua koti.

Baada ya ombi la mwisho, daktari mratibu anaomba kibali idara ya afya ya jimbo, na jibu huja ndani ya siku tatu za kazi. Letu lilikuja bila shida. Kibali chake kilikuwa cha kutumia dawa mwenyewe, ambacho ndicho cha kawaida. Mtu akishindwa kabisa kimwili, daktari anaweza kuomba kibali cha kumpa dawa kwa mkono wake. Kabla kibali hakijaombwa ndipo nilipoteuliwa rasmi kuwa mtu wa mawasiliano. Mama mkwe alikataa. Mume wangu alisema mikono yake itatetemeka. Mzee akanielekezea kidole akaandika: "Huyu anarudisha vitabu vya maktaba kabla ya tarehe."

Dawa haipatikani duka la dawa la mtaani. Jimbo zima linahudumiwa na kikosi kimoja cha wafamasia kilichoko hospitali ya The Alfred, Melbourne, na hao husafiri hadi nyumbani kwa mgonjwa. Walikuja wawili. Nilitarajia watu wa sura za kizimamoto. Wakaja akina dada wawili waliovua viatu mlangoni. Waliketi na Mzee muda mrefu sana, wakamweleza kila kitu, wakamtaka awaeleze yeye kwa maneno yake kuhakikisha ameelewa, kisha wakamuuliza tena, kwa mara ambayo sijui ilikuwa ya ngapi, kama bado anataka. Wakamwambia dawa ikiwa ndani ya nyumba haimdai chochote. Mimi nilielezwa wajibu wangu: sanduku linafungwa kwa ufunguo, na akifariki bila kuitumia, ninairudisha ndani ya siku 15 za kifo, kutofanya hivyo ni kosa la jinai. Mmoja wao alimwuliza mama mkwe kama analala usiku. Ni swali dogo, lakini hakuna mtu mwingine katika mchakato wote aliyekuwa amemuuliza. Hatukulipa senti kwa dawa wala kwa safari yao. Nyota tano.

Sanduku likakaa juu ya kabati la chumba cha wageni. Nilidhani nyumba itabadilika, na kwa siku chache ilibadilika kweli. Tulikuwa tunapita koridoni kwa ncha za vidole. Halafu ikawa nyumba ya mgonjwa tu, yenye mrija wa chakula wa kusafishwa na shuka za kufuliwa. Padri wa parokia alikuja akaketi na Mzee wakatazama kriketi. Kama alijua kilichokuwa juu ya kabati, hakusema.

Kuna jambo watu hulichanganya sana, hata wenye kazi za afya. Kuomba huduma hii hakukuondoi kwenye tiba shufaa, yaani ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu na taabu bila kuuponya ugonjwa. Wauguzi wa tiba shufaa waliendelea kuja kama kawaida, ndio waliomrekebishia mashine ya kupumulia usiku, ndio walioleta dawa za kutuliza ile hofu ya kukosa pumzi, na ndio waliomfundisha mume wangu namna ya kumgeuza baba yake bila kumwumiza. Ningelazimishwa kuchagua huduma moja tu kati ya hizi mbili, ningewachagua wao. Mzee angebisha. Yeye alisema, yaani alibonyeza, kwamba tangu sanduku liingie ndani hofu ya kufa kwa kukabwa koo imemtoka, na kwamba sasa anaweza kuwasikiliza wauguzi.

Mume wangu alimuuliza mara moja tu kama amepanga siku. Akajibu: "Mechi za mwisho wa msimu bado."

Hazikumfikia. Alifariki Agosti 2023, usingizini, pumzi zikipungua polepole, muuguzi wa tiba shufaa akiwa ametoka kwetu jioni ile na mama mkwe akiwa kwenye kiti kando yake. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Hili si la ajabu, wafamasia walikuwa wameshatuambia: wapo wengi wanaopata kibali na hata dawa, kisha wanafariki kwa ugonjwa wao bila kuigusa. Shemeji yangu aliliona kama ushindi. Mume wangu aliona baba yake amesumbuliwa na mafomu katika miezi aliyopaswa kupumzika. Hawajapatana mpaka leo, nami nimeacha kuwapatanisha.

Kazi yangu ilianza hapo. Bodi inayosimamia mapitio ya huduma hii iliwasiliana nami kunikumbusha wajibu wa kurudisha, kwa lugha ya upole. Wafamasia walinipangia muda. Nilikwenda Melbourne kwa gari, sanduku likiwa kwenye buti katikati ya mablanketi, nikiendesha taratibu kupita kiasi hadi malori yakanipigia honi. Pale The Alfred nilipokelewa na mmoja wa wale wawili waliokuja nyumbani. Alikagua kila kitu mbele yangu, akaandika, nikasaini, akaniuliza kama ningependa kukaa kidogo kabla ya kurudi barabarani. Nilikaa. Hakunihubiria, alininunulia kahawa.

Kwa wanaotaka kujua wanaingia au hawaingii, kwa sheria tuliyoikuta 2023: ni mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea, raia au mkazi wa kudumu, aliyeishi Victoria angalau miezi 12, mwenye ugonjwa usiotibika unaoendelea na unaomletea mateso yasiyovumilika kwake. Mwenye viza ya masomo hahusiki. Ugonjwa wa akili peke yake hauingii, wala ulemavu peke yake. Anayelemewa na mawazo ya kutaka kufa asije huku. Azungumze na daktari wake au apige simu ya msaada ya Lifeline, 13 11 14, wanapokea saa zote. Na uamuzi unatakiwa uwe wa akili timamu hadi mwisho, kwa hiyo huwezi kuandika leo kwamba ukipata usahaulifu wa uzeeni uje usaidiwe. Mama mkwe aliuliza hilo kwa ajili yake mwenyewe, jambo lililotushangaza sote, akajibiwa hapana.

Jambo la mwisho ni la wazee wetu wasiojua Kiingereza vizuri. Wewe mtoto huwezi kuwa mkalimani wake kwenye mazungumzo haya, hata kama umemtafsiria hospitalini miaka yote. Sheria inataka mkalimani aliyethibitishwa rasmi, asiye ndugu na asiyerithi chochote. Wa Kiswahili wapo lakini ni wachache, na kwa kuwa mambo haya hufanywa ana kwa ana, kumpata wa kufika mikoani kunachukua muda. Mwambieni mwelekezi siku ya kwanza kabisa, msisubiri tarehe ya daktari ipangwe.